Shajara ya mradi: methali 60, pengo, na hatua moja nyuma

Siku ya 1

Tafsiri yangu imerudi leo ikiwa na alama nyekundu 11. Nimekaa nazo jioni nzima nikizipanga. Alama 3 ni za tahajia, hizo hazinisumbui. Zilizobaki 8 ni ndugu: "the report which I sent it", "the people who their names are on the list", "if we would receive the payment", na nyingine za namna hiyo. Nasoma Kiingereza bila kamusi. Nikizungumza naeleweka. Lakini sentensi ikianza kubeba sentensi nyingine ndani yake, mkono wangu unaandika Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza.

Nimeamua kulishughulikia jambo hili hadi liishe. Nitakusanya methali 60 zenye virejeshi (kama -ye- ya "aliyekuja") au masharti (kama -ki- ya "ukiona"), nizitafsiri moja moja kwa kalamu, na kila kosa niliandike kwenye ukurasa wa kulia pamoja na sababu yake. Nimechagua methali kwa kuwa maana yake naijua tangu utotoni, hivyo akili yote itabaki kwenye sarufi. Tena zimejaa kile ninachokihitaji: -ye, -cho, -lo, -po, -ki-, -sipo-. Mwalimu aliyenifundisha Kiingereza nikiwa kijana sasa amestaafu, na amekubali kulipitia daftari kila Jumapili.

Siku ya 5

Methali 9 zimefanyika. Ya kwanza kabisa ilikuwa "Kikulacho ki nguoni mwako", nami niliandika: "The thing which it bites you is in your clothes." Mwalimu aliisoma kwa sauti, akasimama katikati.

"Mwanangu, hii 'it' umeiweka ya nini?"

"Ni ile ki- ya mwanzo, Mwalimu. Ki-ku-la-cho. Ki- ndiyo kiima, yaani mtenda, na -cho ndiyo rejeshi."

"Na 'which' ni ipi kati ya hizo mbili?"

Nilinyamaza. Akasubiri mpaka nikaona mwenyewe.

"Zote mbili," nikasema.

"Basi. 'Which' imezimeza zote mbili. Ukiongeza 'it' umemtaja mtu yuleyule mara mbili."

Nimeandika maneno hayo juu ya ukurasa. Kiswahili hupenda kufunga fundo pande zote: "kitabu nilichokisoma" kina -cho- ya kirejeshi na -ki- ya yambwa, yaani kinachotendwa, na hakuna anayelalamika. Kiingereza huacha pengo. "I read the book" ikigeuka kuwa "the book which I read", pale kitabu kilipokuwa hapabaki kitu. Kwa hiyo nimeanza kuchora kisanduku kidogo kila mahali penye pengo. Nikikuta neno limekaa ndani ya kisanduku, nalifuta. "The report which I sent", kisha kisanduku kitupu, kisha "yesterday". Sheria hii moja imeondoa makosa mengi kuliko kanuni zote nilizowahi kukariri.

Siku ya 8

Leo nimetumia saa nzima kwenye swali moja: lini naruhusiwa kuangusha "which" au "who" au "that"? Naona wenyeji wa Kiingereza wakiandika "the book I read", lakini hawaandiki "the man came yesterday is my uncle".

Jibu liko kwenye kisanduku. Pengo likiwa la yambwa, kirejeshi kinaweza kuondoka. Pengo likiwa la kiima, lazima kibaki. Sababu yake ni ya msikilizaji: akisikia "the man came yesterday" anadhani amepata sentensi kamili, "mwanamume alikuja jana". Ikifuata "is my uncle" anapotea, analazimika kurudi nyuma na kuijenga upya. Kiswahili hakina shida hiyo kwa sababu "aliyekuja" na "alikuja" zinatofautiana ndani ya neno lenyewe. Silabi moja, -ye-, inamwambia msikilizaji asubiri.

Pia nimejifunza kwamba "usilolijua ni usiku wa giza" haihitaji "the thing which". "What you do not know is a dark night" inatosha. "What" tayari imebeba kitu chenyewe pamoja na kirejeshi chake, kama -lo- inavyofanya pasipo nomino mbele yake. Ndiyo maana "the thing what" haikubaliki: kitu kimetajwa mara mbili. Kosa ni lilelile aliloligundua Mwalimu kwenye "it", limevaa nguo nyingine.

Siku ya 11

Kuhusu "who" na "which" sina mengi. Kiswahili kina ngeli nyingi na kila moja ina kirejeshi chake. Kiingereza kinauliza swali moja tu, ni mtu au si mtu. Tahadhari ni ya wanyama. Kwetu nyoka ni wa ngeli ya watu, "nyoka aliyemuuma", kwa hiyo mkono unaandika "the snake who". Kwa kawaida ni "that" au "which".

Ila mgawanyo huo haukuwa hivi siku zote. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 Sala ya Bwana inaanza "Our Father which art in heaven". "Which" kwa Baba! Leo wengi husali "who art". Nilipoiweka kando ya "Baba yetu uliye mbinguni" nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: "uliye" ina u- ya nafsi ya pili, na "art" nayo ni umbo la nafsi ya pili ya zamani. Lugha mbili zilizo mbali kiasi hiki, zote zinamgeukia anayeombwa na kumwita "wewe" ndani ya kishazi rejeshi. Nimeisoma sentensi hiyo maelfu ya mara na nimeiona leo.

Siku ya 15

Hii ndiyo siku ninayotaka kuikumbuka.

Nilikuwa na "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga". Nikajaribu kwanza kuigeuza iwe na kirejeshi, "maji uliyoyavulia nguo", nione Kiingereza kitasema nini. Nikaandika "the water which you undressed". Sentensi hiyo inasema uliyavua maji nguo. Nikaitazama muda mrefu. Katika Kiswahili ni nini kinachozuia maana hiyo? Ni -lia. Vua, vulia. Kauli ya kutendea ndiyo inayosema maji ni yale ambayo kwa ajili yake nguo zilivuliwa. Kiingereza hakina kauli hiyo, lakini kina kihusishi, nacho hukaa mkiani: "the water you undressed for".

Nikachukua karatasi nyingine na kuanza kujaribu. Kiti nilichokalia: "the chair I sat on". Kisu nilichokatia kamba: "the knife I cut the rope with". Mtu niliyemwandikia: "the person I wrote to". Mtu ninayemfanyia kazi: "the person I work for". Kila -ia na -ea ya Kiswahili ilikuwa inadai mkia wa Kiingereza. Miaka yote hii nimekuwa nikiacha mikia hiyo kwa sababu masikio yangu yalihisi kwamba sentensi haiwezi kuishia kwa "with" au "for", kwamba kuna neno limesahaulika. Kilichobaki baada ya "with" ni pengo, ndilo kisanduku chetu. Kihusishi kinasimama peke yake kwa sababu nomino yake imehamia mbele.

Nilimpigia Mwalimu simu usiku uleule, jambo ambalo si la adabu sana. Alifurahi, kisha akanipa kazi: "Sasa tafuta zinazokataa."

Siku ya 17

Zinazokataa zipo, na kwa pande zote mbili. "Mtu niliyempigia simu" ina -ia lakini Kiingereza husema "the person I called", bila mkia. "Mtu niliyemwambia" ni "the person I told". Upande wa pili, "basi ninalolisubiri" halina -ia yoyote, ila Kiingereza kinadai "the bus I am waiting for", na "jambo ninaloliogopa" ni "the thing I am afraid of". Kwa hiyo kauli ya kutendea ni kengele: ikilia, simama uangalie kitenzi cha Kiingereza kinatembea na kihusishi gani. Uamuzi wa mwisho ni wa kitenzi hicho.

Mahali pana lao. "Nyumba ninamoishi" ina -mo-, nami nina njia tatu: "the house I live in", "the house in which I live", "the house where I live". Ya kwanza ni ya mazungumzo, ya pili ni ya barua rasmi. Kosa langu la daftari ni "the house where I live in", ambamo "where" na "in" zote zinafanya kazi ya -mo-.

Na "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" ilinionyesha kwamba -vyo- haitafsiriwi kwa "the way how". Ni "the way" peke yake: "The way you raise a child is the way it grows." Nimeandika "the way how" mara ngapi maishani, sijui, lakini katika daftari hili ilitokea mara 4.

Siku ya 20

"Whose". Kwetu umilikaji umegawanywa sehemu mbili, "watu ambao majina yao", ndiyo sababu nilizalisha "who their names". Kiingereza kinaziunganisha: "whose names". Inakubalika hata kwa vitu, "a house whose roof leaks". Nilikuwa naiogopa bure. Basi, imekwisha.

Siku ya 22

Koma imenichukua siku mbili. Nilimletea Mwalimu sentensi yangu, "The students, who had finished, went out." Akaniuliza, je, kuna mwanafunzi aliyebaki ndani? Nikasema ndiyo, ambao hawakumaliza. Akasema, kwa koma hizo umewatoa wote.

Bila koma, "the students who had finished went out", kishazi kinachagua: waliomaliza walitoka, wengine wamebaki. Kwa koma, wote walikuwa wamemaliza na wote wametoka. Kishazi kinaongeza habari tu. Kiswahili kingesema "wanafunzi waliomaliza walitoka" na kumwachia msomaji aelewe kutokana na muktadha, au mwandishi angeongeza "wote" pale penye hatari. Hati za makubaliano hutegemea alama hii, nami nimekuwa nikizinyunyiza koma kwa kufuata pumzi. Kuanzia leo kila koma kabla ya "who" au "which" naiuliza: wote, au baadhi? Na "that" haikai baada ya koma ya namna hii, jambo linalonisaidia kujikagua.

Siku ya 26

Masharti yameanza. "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Niliandika "If you will not fill the crack, you will build a wall." Nikajiuliza "will" ya kwanza imetoka wapi, maana "usipoziba" haina wakati ujao. Nimegundua kwamba kosa halikutoka kwenye -sipo-, limetoka kwenye mazoea ya "kama hutaziba". Nikifikiri kwa "kama", naweka -ta- pande zote mbili, na Kiingereza kinanitoka vibaya. Nikifikiri kwa -ki- na -sipo-, Kiingereza kinakaa sawa karibu chenyewe: "If you don't fill the crack, you will have to build a wall." Yaani Kiswahili cha methali kinanisaidia kuliko Kiswahili changu cha kila siku.

Hapa naandika kitu cha pembeni kwa sababu kimenifurahisha. Ile -ta- ya wakati ujao hurudi kuwa -taka- ndani ya kirejeshi: atakuja, lakini atakayekuja. Ni kitenzi "taka" kinachojitokeza tena. Na "will" ya Kiingereza nayo asili yake ni kutaka. Bado mtu husema "if you will wait here" akimaanisha ukikubali kusubiri. Hapo "will" inaruhusiwa baada ya "if", kwa kuwa ni ya hiari na haielezi wakati ujao.

"Unless" ina ukanushi wake ndani, kama -sipo-. "Unless you fill the crack" inatosha. "Unless you don't fill" inageuza maana.

Siku ya 29

-ki- inanipa kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. "Mtoto akililia wembe, mpe." Je, ni "if a child cries" au "when a child cries"? Kiswahili hakinilazimishi kuamua. Kiingereza kinalazimisha: "when" ni kwa lile ambalo msemaji analihesabu kuwa litatokea, "if" ni kwa lile lenye shaka.

Mfano ulionishtua ni wa ujumbe mfupi ambao nimewahi kuutuma kabla ya safari: "If I arrive, I will call you." Nilitaka kusema "nikifika nitakupigia". Aliyeupokea hakuniuliza kitu. Ila leo nauona ulivyosomeka, kana kwamba nina shaka ya kufika salama. Ilipaswa kuwa "when". Vivyo hivyo "nikifa": mtu akiandika wosia kwa Kiingereza ataandika "when I die", maana hakuna shaka ndani yake.

Tena -ki- ina kazi ya tatu, "nilimwona akipita", ambayo ni "I saw him passing", wala si sharti hata kidogo. Sasa kila -ki- daftarini naiwekea herufi moja ya pembeni: s ya sharti, w ya wakati, t ya tendo linaloendelea. Ndipo natafsiri.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa" imenisumbua kwa namna yake. Vitabu vya mazoezi hugawa masharti katika aina ya sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu, nami nilitafuta sanduku la methali hii nikalikosa. "If you see them floating, they have been built." Sehemu ya pili haiji baada ya ya kwanza, ilitokea kabla yake: kuona kunakupa hoja ya kujua kilichotangulia. Ni Kiingereza halali kabisa. Zile aina nne ni ngazi nzuri za kupandia, lakini lugha ina vyumba zaidi ya ngazi hizo.

Siku ya 34

Nimegundua upungufu wa mpango wangu. Katika methali zote 60 nilizokusanya hamna hata moja yenye -nge- au -ngali-. Methali nilizonazo zinasema mambo yalivyo. Hazisemi ambavyo yangekuwa. Kwa hiyo nimeacha methali kwa wiki hii na kuandika majuto yangu mwenyewe, 20, kila moja kwa Kiswahili kwanza.

La kwanza liliandikika lenyewe: "Ningalimpigia simu siku ile, ningalimkuta hai." Ni mjomba wangu. Nilipanga kumpigia Jumamosi, nikasema nitampigia Jumapili.

Kiingereza changu cha kwanza: "If I would have called him that day, I would have found him alive." Nilikiona kosa baada ya kuisoma mara tatu. Kiswahili kina mizani: -ngali- huku, -ngali- kule, pande mbili zinalingana, na "kama" haihitajiki hata kidogo kwa sababu sharti limo ndani ya kitenzi. Ndiyo maana mkono unaweka "would" pande zote mbili. Lakini Kiingereza hakina -nge-. Kimekosa kiambishi cha kutofautisha lililotokea na la kuwazia, kwa hiyo kwenye "if" kinaazima wakati uliopita na kupiga hatua moja nyuma. Jambo la sasa lisilo kweli linapewa umbo la jana: "if I knew". Jambo la jana lisilo kweli linapewa umbo la juzi: "if I had known". "Would" inakaa upande wa pili tu, upande wa tokeo.

"If I had called him that day, I would have found him alive."

Nimeiandika kwa usafi kwenye ukurasa wake peke yake.

Siku ya 36

Baada ya lile la juzi, mengine 19 yalikuja haraka. Ninachokitazama leo ni herufi moja, 'd. "If I'd known, I'd have come." 'd ya kwanza ni "had", ya pili ni "would", na kwa sikio ni sauti moja. Njia ya kuzitenganisha ni kutazama neno linalofuata. Likiwa umbo la tatu la kitenzi, kama "known", ni "had". Likiwa kitenzi kitupu, kama "have" au "go", ni "would". "I'd put" haitenganishiki kwa njia hiyo, kwa kuwa "put" haibadiliki. Hapo muktadha ndio unaoamua. Na "have" katika mazungumzo hupungua hadi kusikika kama "of", ndiyo sababu hata wenyeji huandika "would of". Ni kosa, lakini sasa najua linatoka sikioni.

Niliuliza pia kuhusu zile zinazochanganya nyakati. "Ningalijifunza haya mapema, ningekuwa mfasiri bora sasa." Mwalimu alipenda -ngali- na -nge- zilivyogawana jana na leo. "If I had learned this earlier, I would be a better translator now." Wengi siku hizi huweka -nge- kila mahali katika mazungumzo, na tofauti hii inafifia. Mimi naishikilia, kwa sababu inanionyesha mahali Kiingereza kinapoweka "had" na mahali kinapoweka "would be".

Siku ya 41

Hesabu ya ukurasa wa kulia. Makosa ya pengo: 14 katika methali 15 za mwanzo, 1 katika 15 za mwisho. Mkia wa kihusishi uliosahaulika: 9, kisha 3. "Would" baada ya "if": 6 katika majuto 10 ya kwanza, sifuri katika 10 ya pili. Koma bado zinanishinda. Nilikosea 2 kati ya 5 wiki hii.

Methali ya 60 niliiacha makusudi, kwa kuwa ina kirejeshi na sharti pamoja: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nilimsomea Mwalimu leo mchana: "What people say is there, and if it isn't there, it's on its way."

Akanyamaza kidogo. "Hizo 'it' mbili umeziacha?"

"Nimeziacha, Mwalimu. Pengo liliisha pale kwenye 'say'. Baada ya hapo ni kishazi kingine, nacho kinahitaji kiima chake."

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akachukua kalamu yake, akaiweka kifuniko, akanirudishia daftari.

Kesho naanza ile tafsiri iliyorudishwa, ukurasa wa kwanza.